Paul Broca: Tabibu aliyeyapata makazi ya maneno ndani ya ubongo

WILAYANI Kilosa, mkoani Morogoro, si jambo geni kusikia kwamba mzee fulani alilala akiwa mzima na kuamka akiwa hawezi kusema. Mkono wa kulia umelegea, mguu wa kulia hauna nguvu, mdomo umepinda na maneno yamekwama. Mzee huyo hupokea salamu kwa macho, huwatambua wajukuu zake mmoja mmoja na hufuatilia mazungumzo ya bei ya mahindi, lakini akifungua kinywa hutoka sauti moja tu isiyo na maana.

Kuanzia Kimamba hadi Mikumi, kama ilivyo kwingineko nchini, tukio la aina hiyo huwagawa ndugu. Wapo wanaosema mzee amepitiwa na upepo mbaya, wapo wanaodai kuna mkono wa mtu, na wapo wanaotafuta haraka usafiri wa kumfikisha Hospitali ya Wilaya ya Kilosa au ile ya Mtakatifu Kizito iliyopo Mikumi. Wakati ubishi ukiendelea, saa zinazoweza kuokoa uhai wake hupita.

Huko hospitalini jina la ugonjwa huwa ni kiharusi. Hata hivyo, jambo moja huendelea kuwashangaza wauguzaji. Mara nyingi anayepooza upande wa kulia ndiye anayepoteza maneno, ilhali aliyepooza upande wa kushoto huendelea kuzungumza. Siri ya tofauti hiyo ilianza kufumbuliwa mwezi Aprili 1861, katika hospitali moja nje kidogo ya jiji la Paris, na aliyeifumbua alikuwa daktari wa upasuaji aliyeitwa Paul Broca.

Mtoto wa tabibu

Pierre Paul Broca alizaliwa Juni 28, 1824 katika mji mdogo wa Sainte-Foy-la-Grande, kusini magharibi mwa Ufaransa. Baba yake, Benjamin Broca, alikuwa tabibu aliyepata kuhudumu katika jeshi la Napoleon. Mama yake alitoka katika ukoo wa Kiprotestanti, watu waliokuwa wachache katika nchi iliyojaa Wakatoliki. Kijana Paul alikua akiwaona wagonjwa wakibisha hodi nyumbani usiku na mchana, na tangu mapema alionyesha kipaji katika hisabati na lugha.

Mwaka 1841, akiwa na umri wa miaka 17, alikwenda Paris kusomea udaktari. Alikuwa mwanafunzi mwenye bidii isiyo ya kawaida, akazoea kutumia hadubini wakati ambapo wakubwa wengi wa taaluma hiyo bado waliidharau. Kwa kifaa hicho alichunguza uvimbe wa saratani na namna unavyosambaa mwilini. Kufikia mwaka 1853 alikuwa tayari amepanda ngazi, akifundisha na kufanya upasuaji katika hospitali za jiji hilo.

Mwaka 1857 alimwoa Adèle Augustine, binti wa daktari Jean Lugol. Jina la mkwe huyo halijapotea, kwa kuwa mchanganyiko wa madini joto aliouvumbua bado hutumika katika maabara duniani kote, ambako wataalamu hupaka rangi vimelea ili kuvitambua. Broca na mkewe walijaliwa watoto watatu, na wana wao wawili wa kiume, Auguste na André, walifuata nyayo za baba na kuwa maprofesa wa tiba.

Mwaka 1859 Broca alianzisha mjini Paris Chama cha Anthropolojia, cha wataalamu waliochunguza asili na maumbile ya binadamu. Watawala wa wakati huo hawakuwaamini wasomi waliokusanyika kujadili mambo kama hayo. Chama kiliruhusiwa kwa masharti, mojawapo likiwa ni kuwapo kwa askari polisi katika mikutano yake kusikiliza yanayosemwa. Ni ndani ya chama hicho ambamo ubishi mkubwa kuhusu ubongo ulizuka miaka miwili baadaye.

Mgonjwa mwenye neno moja

Katika miezi ya mwanzo ya 1861 wanachama walikuwa wamegawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza ilishikilia kwamba ubongo ni kitu kimoja kinachofanya kazi zote kwa pamoja, na kwamba hakuna sehemu yake iliyopewa jukumu maalumu. Msemaji wake alikuwa Pierre Gratiolet. Kambi ya pili, iliyoongozwa na Ernest Auburtin, ilidai kwamba uwezo wa kusema umo katika sehemu ya mbele ya ubongo. Auburtin alikuwa mkwe wa daktari Jean-Baptiste Bouillaud, aliyekuwa ameitetea hoja hiyo kwa zaidi ya miaka 30 bila kukubaliwa.

Kikwazo cha kambi ya pili kilikuwa historia. Miaka mingi nyuma, Franz Joseph Gall alidai kwamba tabia za mtu zaweza kusomwa kwa kupapasa vinundu vya fuvu lake. Dai hilo lilipogundulika kuwa halina msingi, kila aliyesema kwamba ubongo una sehemu zenye kazi tofauti alihesabiwa kuwa mpiga ramli. Broca mwenyewe alisikiliza pande zote mbili kwa tahadhari, akisubiri ushahidi.

Ushahidi huo ulimfikia kitandani. Aprili 1861 aliletwa katika wodi yake ya upasuaji, katika hospitali ya Bicêtre, mgonjwa aliyeitwa Louis Victor Leborgne, mwenye umri wa miaka 51, akiwa na uvimbe uliooza mguuni. Leborgne aliwahi kuwa fundi wa vifaa vya kushonea viatu. Tangu ujana wake alisumbuliwa na kifafa, na alipofika miaka 30 alipoteza uwezo wa kusema. Alikuwa amekaa Bicêtre kwa miaka 21, na muda huo wote jibu lake kwa kila swali lilikuwa silabi moja, tan, aliyoitamka mara mbili mbili. Wafanyakazi na wagonjwa wenzake walimwita kwa jina hilo. Alipokasirishwa sana, tusi kamili liliweza kumtoka, kisha akarudi kwenye silabi yake.

Broca alimpima kwa utulivu. Alipomuuliza ameishi hospitalini hapo kwa miaka mingapi, mgonjwa alifungua mkono wa kushoto mara nne, kisha akaongeza kidole kimoja. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa: miaka 21. Mkono wa kulia haukuweza kushiriki, kwani ulikwisha kupooza, na mguu wa kulia uliufuata. Hapo Broca akaona jambo ambalo wengi waliomzunguka mgonjwa hawakuliona. Mtu huyo hakuwa amepoteza akili, na ulimi wake haukuwa na hitilafu yoyote. Kilichopotea ni njia ya kuyatoa maneno.

Leborgne alifariki dunia Aprili 17, 1861. Broca aliufungua mwili wake, na kesho yake aliuweka ubongo mbele ya wanachama wenzake. Kidonda kilikuwa wazi kwa kila mwenye macho: sehemu ya nyuma ya mkunjo wa tatu wa ubongo wa mbele, upande wa kushoto, ilikuwa imeliwa na maradhi.

Miezi michache baadaye alipokea mgonjwa mwingine, Lazare Lelong, mzee wa miaka 84 aliyevunjika mfupa wa paja baada ya kuanguka. Mzee huyo alibaki na maneno matano tu. Idadi yoyote aliyoulizwa aliitaja kuwa tatu, kisha akairekebisha kwa kuonyesha vidole. Alipofariki, ubongo wake ulikutwa umeharibika mahali pale pale.

Upande wa kushoto

Mtu mwenye papara angetangaza ugunduzi mara moja. Broca hakufanya hivyo. Kwake ilikuwa ajabu isiyoaminika kwamba nusu mbili za ubongo, zinazofanana kama viganja viwili, ziwe na kazi tofauti. Aliendelea kukusanya wagonjwa, na kufikia mwaka 1863 alikuwa na kumbukumbu za watu wanane waliopoteza usemi, wote wakiwa na kidonda upande wa kushoto. Ilipofika mwaka 1865 ndipo alipoandika kwa uthabiti kwamba kwa watu wengi kazi ya kutoa maneno hufanywa na nusu ya kushoto ya ubongo.

Maelezo yake yalilandana na jambo lililojulikana na matabibu tangu kale. Nyuzi za neva zinazoongoza viungo hupishana njiani, hivyo nusu ya kushoto ya ubongo huendesha mkono na mguu wa kulia, na nusu ya kulia huendesha wa kushoto. Mshipa wa damu ukiziba au kupasuka upande wa kushoto wa kichwa, mkono wa kulia na maneno huweza kwenda pamoja. Hilo ndilo linaloonekana hadi leo katika vitanda vya hospitali za Kilosa na Mikumi.

Ugunduzi huo haukukosa mgogoro wa umiliki. Daktari wa kijijini, Marc Dax, alikuwa ameandika mwaka 1836 kwamba wagonjwa wake waliopoteza usemi walipata madhara upande wa kushoto, lakini andiko lake halikuchapishwa akiwa hai. Mwanawe, Gustave Dax, aliliwasilisha Paris mwaka 1863, likachapishwa mwaka 1865. Wanahistoria wameendelea kujadili nani alitangulia. Lililo wazi ni kwamba Broca ndiye aliyeonyesha kwa ubongo wenyewe, mahali penyewe, mbele ya mashahidi.

Aliona pia mbali zaidi ya kidonda. Alieleza kwamba mtu anaweza kuzaliwa na upungufu katika sehemu hiyo ya kushoto na bado akasema, kwa kuwa nusu ya kulia huweza kujifunza kazi hiyo. Kwa hoja hiyo aliamini kwamba aliyepoteza maneno yafaa afundishwe upya kwa subira, kama mama anavyomfundisha mtoto.

Mkono wa kulia na pembe ya tembo

Kiswahili chenyewe kimehifadhi kumbukumbu ya tofauti ya pande hizi. Mkono wa kulia ni ule wa kulia chakula, na wazee huuita pia mkono wa kuume, ilhali wa kushoto huitwa wa kike. Takribani watu tisa kati ya kumi duniani hutumia zaidi mkono wa kulia. Miongoni mwao, kiasi cha asilimia 95 maneno yao hutoka nusu ya kushoto ya ubongo. Kwa wanaotumia shoto, kiasi cha asilimia 70 nao hutegemea upande huo huo, na waliobaki hutegemea upande wa kulia au pande zote mbili. Kwa hiyo mtoto wa shule anayeandika kwa mkono wa kushoto hana kasoro inayohitaji fimbo. Ubongo wake umepangwa hivyo.

Wala binadamu si peke yake. Katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, anayewatazama tembo kwa makini huweza kumwona mwenye pembe moja iliyochakaa kuliko nyingine. Kila tembo huwa na pembe anayoipendelea kubandulia magamba ya miti na kuchimbia, kama mkata miwa wa bonde la Kilombero anavyoushika panga kwa mkono mmoja ule ule.

Tanzania imetoa pia ushahidi wa kale kuhusu jambo hili. Mwaka 2016 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa taya la juu la binadamu wa kale lililopatikana Olduvai, lenye umri wa miaka milioni 1.8. Mikwaruzo ya meno yake ya mbele huelekea upande unaoashiria kwamba mwenye taya hilo alishika jiwe kwa mkono wa kulia alipokata kitu alichokiuma.

Doa katika jina

Wasifu wa Broca hautakuwa wa haki usipotaja upande wake wa giza. Mtu huyo aliyetenda kwa uangalifu mkubwa mbele ya kitanda cha mgonjwa, alitumia miaka mingi kupima mafuvu ya vichwa vya watu wa mataifa mbalimbali. Ingawa alichukia utumwa, aliamini kwamba jamii za binadamu hazikutoka chimbuko moja, na kwamba wingi wa ubongo ulipanga nani ni bora na nani ni duni. Wazungu wanaume aliwaweka juu. Wanawake na Waafrika aliwaweka chini. Mwaka 1981 mwanasayansi Mmarekani, Stephen Jay Gould, alionyesha katika kitabu chake namna vipimo hivyo vilivyotafsiriwa ili vikubaliane na hitimisho lililokuwapo tangu mwanzo.

Mbegu hiyo haikuishia Ulaya. Katika miaka ya mwanzo ya 1880, kipindi ambacho Broca aliaga dunia, Mfaransa Kapteni Bloyet alijenga kituo huko Kondoa ya Usagara, jirani na Kilosa. Baada yake Wajerumani waliitwaa nchi, na zama zao mafuvu mengi ya watu wa Afrika Mashariki yalisafirishwa kwenda kupimwa. Fuvu la Mtwa Mkwawa wa Uhehe, aliyefariki mwaka 1898, lilirejeshwa Kalenga mwaka 1954. Mwaka 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba, katika uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka Afrika Mashariki, vinasaba vya mafuvu matatu vilioanishwa na jamaa walio hai nchini Tanzania.

Fundisho hapa ni zito. Broca alipomsikiliza Leborgne akihesabu kwa vidole, alipata ukweli unaosimama hadi leo. Alipoyapima mafuvu ya watu ambao hakuwasikiliza, alipotea.

Kifo na urithi

Mwaka 1868 Broca alikuwa profesa wa upasuaji, na mwaka 1876 alifungua shule ya anthropolojia mjini Paris. Mwaka 1878 alieleza sehemu ya ndani ya ubongo aliyoiita tundu kuu la limbi, ambayo baadaye ilihusishwa na hisia na kumbukumbu. Mwaka 1880 aliteuliwa kuwa seneta wa maisha, lakini hakuufaidi wadhifa huo. Alifariki ghafla Julai mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 56. Jina lake limeandikwa kwenye Mnara wa Eiffel pamoja na wanasayansi wengine 71 wa Ufaransa, na ubongo wake mwenyewe ulihifadhiwa katika chupa mjini Paris.

Waliomfuata waliisahihisha na kuipanua kazi yake. Mwaka 1874 Mjerumani Carl Wernicke alieleza sehemu nyingine ya upande wa kushoto, ambayo ikiharibika mgonjwa husema kwa wepesi lakini maneno hayaeleweki, wala yeye haelewi vema anachoambiwa. Mwaka 1981 Mmarekani Roger Sperry alitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kuchunguza watu waliokatwa daraja la nyuzi linalounganisha nusu mbili za ubongo ili kutuliza kifafa. Aliona kwamba nusu ya kulia, ingawa ni kimya, ina ujuzi wake katika kutambua maumbo na nafasi. Mwaka 2007 ubongo wa Leborgne na wa Lelong ilipigwa picha kwa mitambo ya kisasa, ikabainika kwamba vidonda vilikwenda ndani zaidi ya alivyoviona Broca kwa macho.

Kutokana na kazi hizo ilizuka imani kwamba kuna watu wa ubongo wa kushoto walio wanahesabu, na watu wa ubongo wa kulia walio wasanii. Imani hiyo haina mizizi. Uchunguzi wa picha za ubongo za watu zaidi ya 1,000, uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2013, haukupata watu wa namna hiyo. Nusu mbili hugawana kazi, kisha hushirikiana kila dakika, kama mafiga yanayobeba chungu kimoja.

Kwa familia za Kilosa na Mikumi, urithi wa Broca una matumizi ya karibu zaidi. Shinikizo la damu ndicho chanzo kikubwa cha kiharusi, nalo hupimwa kwa dakika chache katika zahanati. Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakikwama, mahali pa kwanza ni hospitali, tena bila kulala nalo. Na aliyenusurika bila maneno yafaa azungumzwe naye, aulizwe maswali ya ndiyo na hapana, na apewe muda wa kujibu kwa mkono unaofanya kazi. Wapo wasioweza kutamka sentensi moja lakini huweza kuimba wimbo walioujua tangu utotoni, kwa kuwa nusu ya kulia huchangia sana katika kushika sauti ya wimbo. Tangu miaka ya 1970 wataalamu wameutumia wimbo kuwa ngazi ya kuyarudisha maneno.

Leborgne aliishi miaka 21 akiwa na silabi moja, na wengi walioishi naye walimwona kuwa mtu mwenye hasira na kisasi. Alihitajika tabibu mmoja wa kumuuliza swali na kuhesabu vidole vyake hadi mwisho. Mzee aliyenyamaza kibarazani huko Kimamba au Mikumi naye huenda anahesabu, akisubiri mtu wa kumtazama.